Kanisa Liwe Mteja wa Kwanza: Barua ya Wazi kwa Walezi wa Vijana Tabora

Kwa walezi na viongozi wa vijana wa makanisa ya Tabora: wa VIWAWA, vijana Wakatoliki, katika parokia za Jimbo Kuu, wa Kanisa la Moravian Jimbo la Magharibi, wa Kanisa Anglikana Dayosisi ya Tabora, na wa makanisa ya Kilutheri na Kipentekoste, kuanzia Ipuli na Isevya hapa mjini hadi Urambo, Sikonge, Kaliua, Nzega na Igunga.

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu ambao salamu hiyo si yao, Bwana Yesu asifiwe. Nimetanguliza zote mbili makusudi, kwa sababu ninayotaka kuyasema hayana dhehebu.

Mvua zikishakatika, ratiba zenu hujaa. Kuna mkesha, kuna kongamano, kuna semina ya ujasiriamali. Mgeni anatoka Dar es Salaam au Mwanza na kompyuta yake, anamulika picha ukutani, anawaambia vijana wabadilishe fikra na wathubutu. Saa saba pilau, saa kumi vyeti, kisha picha ya pamoja mbele ya kanisa. Jumatatu kijana yule yule amekaa kijiweni kama alivyokaa Ijumaa. Cheti kiko nyumbani ndani ya bahasha, kinasema kwamba alishiriki, na kwa hilo hakisemi uongo.

Sisemi semina zifutwe. Vijana wanakutana, wengine wanapata wachumba, na pilau ni pilau. Ila tusiziite mafunzo ya ujuzi. Ujuzi unaingia kwa mikono, tena taratibu, chini ya jicho la mtu anayeijua kazi na mbele ya mteja anayeweza kuikataa. Hivyo vyote kanisa linavyo tayari, limekosa tu kuviunganisha.

Pendekezo langu ni hili. Kabla hamjamwalika mtoa mada mwingine, fungueni daftari la matumizi la parokia au usharika. Kila mahali palipoandikwa fedha imetoka, pana kazi ambayo mtu fulani aliifanya na akalipwa: mishumaa, sare za kwaya, mabenchi, matengenezo ya spika, uchapaji wa ratiba za ibada, miche ya miti, mapambo, chakula cha hizo semina zenyewe. Fundi wa kila kazi kati ya hizo huwa mnasali naye Jumapili. Mpeni vijana watano au sita, awafundishe kwa kutengeneza kile kile kinachotakiwa, na kanisa likinunue kwa bei ya soko. Kanisa liwe mteja wa kwanza wa vijana wake.

Nitaeleza kwa nini naliwekea uzito suala la mteja kuliko la darasa, na kwa hilo sina haja ya kwenda mbali. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe ambako wageni huja kumtafuta yule mmisionari msafiri, Livingstone. Mimi nikipita pale humfikiria mtu mwingine. Agosti 1872 uliingia Kwihara msafara wa wapagazi ambao msafiri mwenzake, Stanley, aliwaajiri pwani wamfuate Livingstone. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kiyao, Jacob Wainwright. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa na wamisionari wa Kianglikana huko Nasik, India, ambako watoto wa namna yake walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyechonga jina la marehemu kwenye mti na kuorodhesha mali zake, kwa kuwa kalamu aliiweza. Wapagazi wakaubeba mwili, wakapita nao hapa Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo. Aprili 1874 kijana huyo alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza ndani ya Westminster Abbey, London. Waingereza walimshangilia, kisha wakaendelea na shughuli zao. Akarudi Afrika, akafanya kazi huku na huko, na mwisho wa safari yake ukawa kwa jirani zetu wa Urambo, kwenye misheni ya London Missionary Society, alikofariki mwaka 1892.

Mwingine ni Adrian Atiman. Huyu alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger, naye akauzwa utotoni. Alikombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale mapadre wa kanzu nyeupe waliofika Tabora mwaka 1878, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akawa mganga na katekista wa misheni. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67.

Wote wawili walitekwa wakiwa watoto, na wote walipewa ujuzi na kanisa. Atiman alipohitimu palikuwa na mahali panapomhitaji, wagonjwa wapo mlangoni na misheni inataka tabibu. Wainwright alikuwa na kalamu nzuri na sifa kubwa, lakini hapakuwa na mtu aliyeihitaji kalamu ile kila siku. Vijana wengi tunaowafundisha leo tunawafanyia kama Wainwright alivyofanyiwa. Tunawafundisha, tunawapigia makofi, basi.

Naomba pia tusiipambe hiyo njia ya misafara iliyomleta Wainwright kupita kiasi. Ni kweli kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na mzigo begani na kurudi alihesabiwa amekuwa mtu mzima, na kazi aliijua kwa kutembea nyuma ya kirangozi, bila darasa. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watu kwa minyororo. Na watoto waliokombolewa wakalelewa misheni, wa Kipalapala wakiwemo, hawakuulizwa wanapenda kujifunza nini. Sisi wetu tuwaulize.

Sasa mfano wa pendekezo langu: nyuki. Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu Tabora imezungukwa na miombo, na miombo ni asali. Wazee wetu walirina kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, Chuo cha Ufugaji Nyuki cha serikali kipo mjini kwetu, na asali na nta ya Tabora vimesafirishwa nchi za nje kwa miaka mingi. Halafu ingieni sakristia yoyote mfungue kabati. Mishumaa iliyojaa humo ni ya parafini, imetoka dukani, na parafini ni zao la petroli. Usiku wa Pasaka shemasi anaimba Mbiu ya Pasaka, ambayo katika Kilatini chake inawataja nyuki na kuisifu kazi yao iliyoupatia mshumaa ule nta. Anayaimba hayo katikati ya nchi ya nyuki, mbele ya mshumaa ambao mara nyingi hakuna nyuki aliyeugusa. Mimi jambo hili linanichekesha na kunikera kwa pamoja.

Angalieni ni ujuzi kiasi gani umejificha ndani ya mshumaa mmoja. Kwanza useremala. Mzinga wa kisasa wa viunzi vya juu ni sanduku la mbao lenye viunzi vilivyopangwa kukaribiana, kila kimoja kikibeba sega lake. Nyuki wetu wa Kiafrika wanataka kiunzi chenye upana wa milimita 32. Ukikizidisha, wanajenga sega linalokatiza kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, na siku ya kurina utavunja sega na kuua majana. Kijana aliyeshindwa hesabu shuleni akiona sega limekwenda mshazari kwa kosa la milimita chache, ataheshimu rula kuliko alivyoiheshimu kwa fimbo ya mwalimu. Mbao za mizinga ziwe makapi ya fundi samani. Hakuna sababu ya kukata mninga kwa ajili ya sanduku la nyuki.

Pili, maarifa ya msitu. Hapa msimwite mtu mwenye kompyuta. Mwiteni babu wa Sikonge au wa Uyui anayejua mtundu unachanua lini na muba lini, anayejua mzinga utundikwe ukielekea wapi, na anayejua harufu ya asali ambayo haijaiva. Babu huyo huenda bado anatumia mzinga wa magome, ambao ukiuchonga unaubandua mti ngozi na mti unakufa. Basi afundishe msitu, na vijana wampelekee mizinga ya mbao. Tena mizinga hiyo haihitaji kupandishwa mtini. Inaweza kuning'inizwa kwa waya kwenye nguzo, kimo cha kiuno, na hapo ndipo mabinti wanapoingia kwenye kazi ambayo zamani ilikuwa ya wanaume kwa sababu tu ya kukwea. Manzuki iwe mbali na makazi na mbali na njia, kwenye shamba la misheni huko pembeni. Msije mkaitundika nyuma ya darasa la Utoto Mtakatifu mkasema niliwashauri mimi.

Tatu, nta. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali yanachemshwa kwa maji, yanachujwa kwa gunia au kitambaa, na maji yakipoa nta inaelea juu na kuganda. Inayeyushwa tena na kuchujwa tena mpaka uchafu uishe. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na ushee, na inashika moto ikizidishiwa, kwa hiyo sufuria ya nta huwekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja. Utambi uwe wa pamba, na pamba inalimwa Igunga. Mishumaa midogo hutengenezwa kwa kuchovya utambi, kuuacha upoe, kuuchovya tena, mara nyingi. Ule mkubwa wa Pasaka humiminwa polepole kwa awamu, kwa sababu nta ikipoa hujikunyata, na ukiharakisha mshumaa unapasuka au unabaki na shimo katikati. Utambi ukiwa mwembamba mno, moto unazama kwenye dimbwi la nta. Ukiwa mnene mno, unatoa moshi. Kijana atajaribu na ataharibu, kisha atapata. Na akishapata, soko lake haliishii kwenye parokia yake. Makanisa ni mengi, na mshumaa wa nta halisi una wanunuzi hata nje ya ibada.

Najua Mpentekoste anayesoma hapa atasema kwao mishumaa haiwaki. Ni kweli. Kwenu kinachowaka ni spika.

Hilo silisemi kwa utani tu. Kwaya na vikundi vya sifa ndivyo shule kubwa kuliko zote tulizonazo, na hatujawahi kuzihesabu hivyo. Kijana wa kwaya anasoma nota za sol-fa, anatenganisha sauti nne na kupiga kinanda, anarekodi, anapiga picha za video na kuzihariri. Wamoravian wana matarumbeta, na kupiga tarumbeta ndani ya kundi kunadai nidhamu ya pumzi na ya masikio ambayo semina haitoi. Lakini spika ikikoroma tunamtafuta fundi wa mjini. Anakuja, anafungua, analehemu waya mmoja, anafunga, anaondoka na hela, na vijana walikuwa wamesimama pembeni wanatazama mgongo wake. Mlipeni fundi huyo zaidi kidogo kwa sharti kwamba kila anapoitwa afanye kazi akiwa na wanafunzi wawili, na wao ndio washike chuma cha kulehemu. Mwaka ukiisha mtakuwa mmenunua matengenezo pamoja na mafundi. Na fundi huyo akiwa Mwislamu wa Ng'ambo au Gongoni, afadhali zaidi. Mji huu umeishi hivyo tangu enzi za misafara, na waya hauna ubatizo.

Mengine nitayapitia haraka. Sare za kwaya zishonwe na vijana chini ya fundi cherehani wa jumuiya, si kwa agizo la Kariakoo. Ratiba za ibada, kadi za harusi na vitabu vya kwaya vipangwe na kuchapwa na vijana. Huu ni mji ambako vitabu vyenye nembo ya T.M.P. Book Department vilitoka na kusomwa nchi nzima, inakuwaje leo tunatuma kazi ya kurasa nne nje ya mkoa? Maembe: kila msimu yanaoza chini ya miti tangu Kwihara hadi mjini, na kaushio la jua ni fremu ya mbao, chandarua na karatasi ya nailoni. Vitalu vya miche pia, maana mabani ya tumbaku ya Urambo na Kaliua yanakula kuni, na miombo ikiisha hata nyuki wangu niliowasifu hapo juu watahama.

Na daftari lenyewe la fedha. Mwekeni binti mmoja na kijana mmoja wakae na mhazini kila Jumatatu wakihesabu, wakiandika, wakilinganisha na benki. Baadhi yenu mtasita hapo. Nadhani mnaelewa kwa nini ninasisitiza.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote katika pendekezo langu mwenyewe ni neno kujitolea. Kanisa linajua sana kuomba kujitolea, na kijana wa kanisa hajui kukataa. Naona kabisa mpango huu ukigeuka kuwa njia ya kupata mabenchi bure. Kijana atapiga randa miezi sita, ataambiwa Mungu atamlipa, na benchi litakaliwa na wazee wa kanisa. Kwa hiyo bei iandikwe kabla ya kazi kuanza. Fundi apate fungu lake kwa kufundisha, vijana wapate lao kwa kila kipande kilichokubaliwa, na kipande kibovu kikataliwe bila huruma, kwa sababu mteja wa pili hatakuwa na huruma. Anayetaka kutoa zaka atoe kutoka katika malipo yake kama muumini mwingine yeyote. Vifaa viwe vya kikundi na viorodheshwe, la sivyo msumeno utahamia nyumbani kwa mtu.

Jambo jingine ni mabinti. Tukiwaacha wazee wagawe kazi, wavulana watapewa spika na mbao, wasichana watapewa mapishi na mapambo. Sina ugomvi na mapishi, kuna watu Tabora wamejenga nyumba kwa keki. Ila kila kijana achague mwenyewe.

Mkifika hapo, VETA ndiyo inafuata. Wengi hawajui kwamba VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Mtu aliyejifunza kazi mtaani, bila kupita chuoni, anapimwa kwa kazi yake, anajaziwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti kinachotambulika. Cheti hicho ndicho cha kugawa mbele ya kanisa, badala ya vile vya kushiriki. Wakitaka kuendelea, wasajili kikundi chao wenyewe kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Kikundi chenye kazi inayoonekana, mteja anayejulikana na daftari safi kinasikilizwa tofauti na kikundi chenye katiba na mhuri tu. Kisajiliwe kama kikundi cha vijana, si cha parokia. Paroko akihamishwa kisife.

Ratiba nayo ifuate mkoa huu, si kalenda ya ofisi. Kuanzia Novemba vijana wa vijijini wako shambani, na msipange kitu mkategemea watakuja. Miezi ya kiangazi ndiyo yenu. Asali inarinwa, tumbaku imeuzwa, barabara zinapitika.

Ninachoomba kwa kuanzia hakihitaji mfadhili wala andiko la mradi. Kikao chenu kijacho, cha halmashauri ya walei au cha baraza la wazee, mhazini asome kwa sauti matumizi ya mwaka uliopita, mstari kwa mstari, na vijana wawepo chumbani. Wekeni alama kwenye vitu vitatu ambavyo vingeweza kutengenezwa na mikono ya hapa. Jumapili inayofuata yatolewe matangazo ya kuwaomba mafundi wajiandikishe: seremala, mshonaji, fundi umeme, mrina asali, mchapaji. Mtashangaa walivyo wengi. Wanaofikiria mshumaa wa Pasaka, nunueni nta baada ya mavuno ya kiangazi, ikiwa bado nyingi na bei ya chini, maana mkisubiri Kwaresima mtarudi dukani.

Naomba tu, Baba Paroko, Mchungaji, Mama Mlezi, kila mmoja wenu anitajie jina la atakayelishika daftari la mafundi katika kanisa lake. Nitapita kuliulizia.

Wenu katika Kristo,
Muumini wa kawaida, Tabora